Kupokea helikopta ya watalii Nakuru na Kisumu: kazi ya walio chini

Helikopta ikishaonekana angani, kazi yako imebaki kidogo sana. Mambo makubwa yamekwisha kuamuliwa siku kadhaa kabla: nani alipanda mizani na nani alikwepa, mahindi yamevunwa upande gani wa shamba, waya wa stima unapita wapi, na wageni waliambiwa waamke saa ngapi. Mwongozo huu ni wa meneja wa hoteli au kambi, mwenye kampuni ndogo ya safari, na mwandalizi wa harusi aliyeambiwa "wageni watakuja na chopa" akabaki hajui aanzie wapi. Rubani ana taratibu zake. Hapa tunashughulikia zako.

Hatua ya 1: Jua kimo kabla ya kumwahidi mtu chochote

Nakuru mjini ni mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani karibu futi 6,000. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko futi 3,700, Eldoret futi 7,000. Marubani huhesabu kwa futi, kwa hiyo zizoee. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi: mapanga ya helikopta hukosa cha kushikilia na injini hukosa cha kuvuta. Joto likiongezeka, hewa hiyo hiyo huwa nyepesi zaidi.

Hesabu ya haraka ni hii. Kila kimo kina joto lake la kawaida: digrii 15 usawa wa bahari, kisha unatoa digrii 2 kwa kila futi 1,000. Kwa futi 6,000 inabaki digrii 3. Kila digrii inayozidi hapo, ongeza futi 120. Mchana wa Februari Nakuru ukifika digrii 26, umezidisha digrii 23, yaani futi 2,760. Helikopta imekaa shambani kwako, lakini inajihisi iko futi 8,760. Saa moja asubuhi, kukiwa na digrii 12, inajihisi futi 7,080 tu. Kisumu kukiwa na digrii 30 ni kama futi 6,400, ingawa ziwa liko pale mbele na kila mtu anadhani yuko pwani.

Hizo futi 1,700 kati ya asubuhi na mchana ndizo zinazomshusha abiria mmoja. Mteja anayetaka kuruka saa nane "jua likiwa zuri kwa picha" anapaswa kuambiwa bei ya jua hilo: kiti kimoja, wakati mwingine viwili.

Hatua ya 2: Chagua njia na saa kwa kufuata mawingu

Ukanda wa Nakuru una mizunguko inayojulikana: ukingo wa Menengai, Ziwa Nakuru, Elementaita na kurudi, au kaskazini hadi Bogoria, kilomita 60 hivi kwa mstari ulionyooka, au kusini hadi Naivasha na Longonot, ambayo kilele chake ni mita 2,776. Kwa Kisumu ni visiwa vya Ndere, Rusinga na Mfangano, au upande wa msitu wa Kakamega. Mlima Elgon ni habari nyingine, tutaigusa mbele.

Nakuru haina fumbo: ruka kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Upepo umetulia, hewa ni nzito, vumbi limelala.

Kisumu inataka akili zaidi. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda bara, unabeba unyevu hadi kwenye kuta za Nandi na Kericho, unapanda, na kufikia saa nane au tisa mawingu yamesimama kama minara. Kericho na Nandi Hills zinajulikana kwa mvua ya mawe, na mvua ya mawe haina mjadala na mapanga. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka bara kwenda ziwani, na radi hupiga juu ya maji hadi alfajiri. Ndiyo maana kwa safari ya visiwani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi si lazima iwe bora kuliko saa tatu. Panga kuondoka kati ya saa mbili na saa nne, na wageni wawe wamerudi kabla ya saa saba.

Kinachochelewesha safari nyingi baina ya miji hii miwili si hali ya hewa ya Nakuru wala ya Kisumu. Ni ukuta uliopo katikati: Mau na Timboroa, ambako kituo cha reli kiko mita 2,743. Unaweza kuwa na mbingu ya buluu Lanet, Nakuru, na mbingu ya buluu Kisumu, huku Mau Summit na Londiani zimefunikwa blanketi. Tafuta mtu anayeishi huko umpigie saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usimuulize "hali ya hewa iko vipi?", maana atakwambia ni sawa tu. Muulize swali la kuonekana: "Unauona mnara wa simu ulio kwenye kilima cha ng'ambo? Wingu liko juu yake au limeuficha?" Jibu hilo mpelekee rubani pamoja na ripoti za uwanja wa Kisumu na Eldoret, ambazo yeye huzipata mwenyewe kwa alama za HKKI na HKEL. Akisema hapiti, hapiti. Usimtajie kwamba bibi harusi anangoja. Shinikizo la mwenyeji limo katika ajali nyingi za helikopta kugonga mlima ndani ya wingu, na huwa limeanza kwa simu ya upole kabisa.

Hatua ya 3: Karatasi za kampuni

Omba vitu vinne kwa barua pepe, siyo kwa mdomo: cheti cha mwendeshaji wa ndege kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA; leseni ya huduma za anga; cheti cha bima kinachotaja abiria na watu walio chini; na namba ya usajili ya helikopta itakayokuja, inayoanza na 5Y. Kisha linganisha: namba hiyo imo kwenye orodha ya ndege zinazoruhusiwa chini ya cheti hicho? Hapa ndipo ujanja hujificha. Kampuni yenye cheti halali inaweza kukuletea helikopta ya rafiki, iliyosajiliwa kwa matumizi binafsi. Inaruka vizuri tu, lakini siku ya tatizo bima itauliza kwa nini abiria walilipa nauli, na hapo hakuna wa kukusaidia.

Bei utapewa kwa saa ya kuruka, na wengi huisoma vibaya. Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Nakuru ni kilomita 140 kwa mstari ulionyooka. Helikopta ya aina ya H125 huchukua dakika 40 hivi. Kuja na kurudi ni saa moja na dakika 20 kabla mgeni hajaona hata flamingo mmoja. Wilson hadi Kisumu ni kilomita 267, zaidi ya saa moja kila upande. Ukinunua mzunguko wa dakika 20 Nakuru, utalipa karibu saa nzima na dakika 40. Kwa hiyo wakusanye wageni. Mzunguko wa dakika 15 pamoja na dakika 10 za kushusha na kupakia ni dakika 25. Abiria watano kila mara, wageni 25 wanaisha kwa saa mbili na dakika tano. Uliza pia kuhusu ada za kutua, muda wa kungoja usiolipiwa, kulala kwa rubani, na nani anabeba gharama helikopta ikigeuzwa njiani na mawingu. Hilo la mwisho liandikwe.

Hatua ya 4: Uzito, bila aibu

Chukua mizani ya kawaida kwa mizigo na ya hospitali kwa watu. Pima kila mtu akiwa amevaa viatu, koti na kamera yake shingoni. Kumuuliza mtu uzito wake hakufai: wanaume hujibu uzito wa miaka kumi iliyopita na wanawake hawajibu. Mwenye kupima aseme mapema, kwa wote, "Mzee, Mama, samahani, hapa kila mtu anapanda mizani, hata rubani," na namba isisomwe kwa sauti. Andika, kunja karatasi, mpe rubani.

Uone kwa nini ni muhimu. Tuchukue mfano wa R44, ambayo ni ndogo, ina injini ya pistoni na viti vya abiria watatu. Uzito wake wa juu kabisa wa kuondoka kwa toleo la Raven II ni kilo 1,134. Tupu ni karibu kilo 685. Rubani kilo 85. Mafuta ya saa moja na nusu pamoja na akiba ya dakika 20, kilo 76. Imebaki kilo 288: watu watatu wa kilo 90 na begi moja. Kwenye karatasi imetosha. Lakini uzito huo ni ule ambao chombo kinaruhusiwa kubeba, siyo ule kinachoweza kuunyanyua wima kutoka shambani Nakuru saa nane mchana. Ndipo unasikia rubani anasema wawili tu, na mwenyeji anadhani anadeka. Kumbuka pia kila kiti cha R44, pamoja na begi lililo chini yake, hakizidi kilo 136.

H125 ni ng'ombe wa kazi wa milimani: abiria hadi sita, uzito wa juu kilo 2,250 kwa matoleo mengi, mafuta ya ndege aina ya Jet A-1 yapata lita 180 kwa saa. Ikiwa na vifaa vya watalii huwa karibu kilo 1,350 tupu. Weka rubani wa kilo 85 na kilo 260 za mafuta, inabaki kilo 555. Watu sita wa kilo 85 ni 510, na mizigo kilo 45. Yaani begi laini la kilo saba kwa mtu, siyo sanduku la magurudumu. Masanduku yaende na gari mapema.

Viti hupangwa na rubani ili chombo kisielemee mbele au upande mmoja. Wageni wakibadilishana viti ili mume akae na mkewe, hesabu yote imeharibika. Waambie kabla hawajaingia.

Hatua ya 5: Kiwanja

Hapa ndipo tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwenyeji ana mamlaka yote na lawama yote.

Tafuta mahali tambarare pa mita 30 kwa 30, pagumu, na kuzunguka pale pawe wazi hadi mita 60 kwa 60 bila kitu kinachopita goti. Mapanga ya H125 yana upana wa karibu mita 10.7, na chombo chote kutoka mbele hadi mkiani kinakaribia mita 13. Nafasi hiyo siyo ya anasa. Mteremko usizidi digrii 5. Jipimie: kwenye mita 10 za kwenda, ardhi isishuke zaidi ya sentimita 85. Uwanja wa mpira wa shule unafaa mara nyingi, ila milingoti ya goli ing'olewe na nyavu ziondolewe. Wavu ukinaswa na mapanga, hakuna picha ya harusi.

Kisha angalia njia ya kuingia na kutoka. Helikopta haishuki kama ndoo kisimani. Inapenda kuja kwa mteremko wa polepole dhidi ya upepo, na kuondoka vivyo hivyo. Ikiwa imesimama hewani mita moja au mbili juu ya ardhi ngumu, hewa inayosukumwa chini huikalia kama mto wa godoro na injini hufanya kazi kidogo. Ikilazimika kupanda wima hadi ipite miti, mto huo haupo tena, na nguvu inayohitajika huzidi sana. Kwa hiyo uwanja uliozungukwa na mikaratusi pande zote, hata uwe mpana vipi, humpunguzia rubani abiria. Kanuni ya mkono: kila mita moja ya urefu wa mti au jengo inataka mita nane za umbali kutoka ukingo wa kiwanja. Mkaratusi wa mita 25 uwe mita 200 mbali, angalau kwenye pande mbili zinazokabiliana. Majani marefu na mteremko navyo hula ule mto wa hewa. Fyeka majani yafike chini ya kifundo cha mguu.

Waya. Tembea kwa miguu njia yote ya kuingia na kutoka, mita 300 kila upande, ukitazama juu. Waya wa stima hauonekani kutoka angani. Rubani hutafuta nguzo, na nguzo yako huenda imejificha ndani ya miti. Kila mstari wa waya, hata ule mmoja unaopeleka stima kwenye pampu ya maji, uuchore kwenye ramani na umtumie. Waya za simu na za kuanikia nguo zimo pia kwenye hesabu.

Udongo. Nakuru ina vumbi la majivu ya volkano, jepesi kama unga wa ngano, na Januari hadi Machi kiwanja kisichonyunyizwa hugeuka wingu la kahawia ambalo rubani huingia ndani yake akiwa hajaona ardhi kwa mita tatu za mwisho. Mwagilia. Mita za mraba 900 kwa kina cha milimita 5 ni lita 4,500, yaani lori moja la maji la lita 5,000. Nusu mwaga saa mbili kabla, nusu dakika 30 kabla. Ukimwaga yote jana jioni, umewanywesha mchwa. Nakuru pia ina nyufa za ardhini zinazofunguka baada ya mvua kubwa. Kagua tena asubuhi ya siku yenyewe, siyo wiki iliyopita. Upande wa Kano na Ahero, karibu na Kisumu, tatizo ni kinyume: udongo mweusi wa pamba. Ukiwa mkavu una nyufa, ukinyeshewa unameza. Usiumwagie maji. Upime kwa kupitisha pikapu iliyobeba mzigo. Magurudumu yakizama zaidi ya sentimita mbili au tatu, hamia kwenye murram au lami. Mguu mmoja wa helikopta ukinasa kwenye tope wakati wa kuondoka, chombo kinaweza kupinduka palepale.

Alama ya H ipakwe kwa chokaa iliyochanganywa na maji, mita 3 kwa urefu na karibu mita 1.8 kwa upana. Chokaa kavu itaishia machoni mwa wageni. Usitandike shuka jeupe, hata lishikiliwe na mawe: shuka hupaa, na mawe huruka. Upepo uonyeshe kwa kitambaa chepesi chenye rangi kali, urefu wa mita moja na nusu, kwenye mti wa mita nne uliowekwa pembeni ya kiwanja, siyo kwenye njia ya kuingia.

Ondoa kila kisicho na mzizi ndani ya mita 50: viti vya plastiki, chupa, mifuko, magunia, mabati yaliyolegea, miavuli. Hema liwe mita 100 au zaidi na liwe upande ambao helikopta haipiti. Watu hudharau upepo wa mapanga hadi waone hema la wageni mia mbili likifunguka kama kuku aliyeshtuka.

Sasa namba za mahali. Tuma alama ya ramani ya katikati ya kiwanja, siyo ya lango la hoteli. Na hapa pana mtego ambao mikoa mingine haina: sisi tumekaa kwenye ikweta. Nakuru ni kusini yake, Bogoria na Kakamega ni kaskazini. Nakuru mjini ni takriban -0.30, 36.07. Ukisahau ile alama ya kutoa, umempeleka rubani kilomita 66 kaskazini, karibu na Bogoria, na huko nako kuna ziwa na flamingo, kwa hiyo hatashtuka upesi. Kosa la pili: digrii 0.30 ni dakika 18, siyo dakika 30. Anayezichanganya amekosea kwa kilomita 22. Andika mfumo unaotumia, andika "kusini" au "kaskazini" kwa neno, na uongeze maelezo ya kuonekana: paa la mabati jekundu, tangi la maji, njia panda.

Hatua ya 6: Ruhusa

Mwenye ardhi aandike barua. Chifu na mkuu wa kituo cha polisi (OCS) wajulishwe, maana chopa ikitua bila wao kujua, umati utafika kabla ya polisi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru na ya Ndere, ruhusa ni ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Sehemu ya Menengai ni msitu wa serikali, kwa hiyo kutua huko ni habari ya Huduma ya Misitu. Juu yake, rubani hukaa mbali na nguzo za mvuke za visima. Bogoria iko chini ya kaunti ya Baringo. Lanet na Gilgil zina kambi za jeshi, hivyo usimwahidi mgeni kwamba "tutapita juu kidogo tu".

Kuhusu ndege wa ziwani: Nakuru, Elementaita na Bogoria ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na flamingo ndio sababu kubwa. Kundi likiinuliwa na helikopta huchoka, huacha kula, na linaweza kuhama. Kanuni za kawaida za anga zinadai futi 500 juu ya ardhi, na futi 1,000 juu ya mji au mkusanyiko wa watu; juu ya flamingo kaa futi 1,000 au zaidi na upite pembeni. Mgeni atakayelalamika kwamba hakuwaona karibu, mpe darubini. Mwambie pia mapema kwamba maji ya Nakuru yamepanda tangu miaka ya 2010 na flamingo wengi mara nyingi huwa Bogoria, ili asilipie ziwa ambalo siku hiyo halina ile rangi ya waridi.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Teua mtu mmoja wa kuzungumza na rubani kwa simu, na mtu huyo asiwe anayegawa chai. Weka kamba kuzunguka kiwanja mita 50 kutoka katikati, askari au vijana wanne kwenye pembe, na mmoja zaidi kwa ajili ya mbwa, ng'ombe na boda boda. Vizima-moto viwili vya unga vya kilo 9, na mtu anayejua kuvitumia. Droni zote zishuke na betri zitolewe. Mpiga picha atabisha, usimsikilize.

Mwongozaji asimame mita 30 mbele ya H, upepo ukimpiga mgongoni, akiwa amevaa miwani ya kukinga macho. Helikopta hutua ikiutazama upepo, hivyo rubani atamwona uso kwa uso. Ishara moja tu inatosha kukubaliana: mikono miwili ikipungwa juu ya kichwa maana yake usitue.

Baada ya kutua hakuna anayesogea hadi rubani aonyeshe kidole gumba na mwongozaji ajibu. Kisha:

Wageni waende kutoka mbele, mahali ambapo rubani anawaona, wakiwa wameinama, wawili wawili na msimamizi. Mkiani hapaendwi kabisa, hata kufuata kofia. Mapanga ya mkia yakizunguka hayaonekani, na kwenye H125 na R44 yako kwenye kimo cha kichwa cha mtu. Kama ardhi ina mteremko, ingia na utoke upande wa chini. Upande wa juu mapanga makubwa yako karibu na kichwa chako kuliko unavyodhani. Injini ikizimwa, mapanga hulegea na kushuka yanapopunguza mwendo, kwa hiyo wakati huo ni wa hatari zaidi, ingawa kelele imepungua na watu wanadhani yameisha.

Kofia, leso, kanga na mitandio vivuliwe na vishikwe mkononi. Hakuna kuinua mkono kupunga. Fimbo ya mzee ibebwe ikiwa imelala, siyo begani. Mtoto ashikwe mkono na mtu mzima anayekaa naye.

Mlango ufungwe kwa upole na msimamizi aliyeelekezwa, siyo mgeni. Ncha za mkanda zisibaki nje. Mkanda unaopigapiga ubavu kwa saa nzima huacha mikwaruzo ambayo kampuni itakutumia bili yake. Milango ikiondolewa kwa ajili ya picha, kila kitu kifungwe kwa kamba: simu, kifuniko cha lenzi, miwani. Kinachoanguka huelekea mkiani.

Mafuta yakihitajika hapo hapo, kujaza kuachiwe kampuni. Kazi yako ni mapipa: ya lita 200, yenye muhuri, yasimame wima kivulini mahali penye kamba, yasitikiswe asubuhi hiyo ili maji na uchafu vibaki chini. Hakuna sigara wala simu ndani ya mita 30. R44 hutumia petroli ya ndege na H125 hutumia Jet A-1. Pipa lisilo na maandishi yanayosomeka lirudishwe hata kama aliyelileta anaapa.

Kuhusu maji na Elgon

Visiwani, kutoka Kisumu hadi Rusinga ni kilomita 73 hivi, na sehemu ya njia iko mbali na ufuo. Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe mwilini, siyo kuwekwa chini ya kiti, na zisijazwe upepo ndani ya chombo: aliyejaza hataweza kutoka mlangoni. Chagua kutua kwenye ardhi ya ndani kidogo. Mchanga wa ufuo na nyavu za omena zilizoanikwa ni adui.

Kuna wageni huuliza kuhusu ndege zinazotua majini. Si ndoto ngeni: miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilitua Kisumu zikielekea kusini mwa Afrika. Leo, Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo mbele ya Kisumu, ina gugumaji linalohamishwa na upepo usiku mmoja, nyavu, magogo na viboko. Njia ya kutua iliyokuwa wazi jana inaweza kuwa bustani leo. Mwambie mgeni ukweli huo, kisha mpangie helikopta.

Elgon ni mpaka wa Uganda. Koitobos iko mita 4,222, karibu futi 13,850, na juu ya futi 10,000 muda wa kukaa bila oksijeni unahesabiwa. Mgeni aliyetoka pwani jana usiku ataumwa kichwa na kichefuchefu. Mpango wa safari uwasilishwe kabla, rubani awe mwenye uzoefu wa mlima huo, abiria wapunguzwe, na kutua kileleni kusiwemo kwenye tangazo lako. Kuzunguka mabonde ya chini upande wa Kitale asubuhi kunatosha kwa picha.

Helikopta ikiondoka

Kamba ibaki hadi sauti ipotee kabisa. Rubani akiona taa ya tahadhari au mlango haukufunga vizuri, atarudi ndani ya dakika mbili au tatu, na wakati huo ndipo watoto huwa wamejaa juu ya H wakitafuta sarafu. Ng'oa mti wa kitambaa cha upepo mwisho wa yote.